Kupanga Jiko Dogo Ughaibuni: Anza na Mahali pa Kukatia

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumepanga au tumenunua nyumba ambayo chumba chake cha jiko hakizidi mita 2 kwa 3, na tunapotaka kukiboresha, jambo la kwanza linalotujia akilini ni makabati: yawe mangapi, ya rangi gani, yafike darini au yaishie chini kidogo. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Kinachoamua kama jiko dogo litakustarehesha au litakuudhi kila siku ni urefu wa kaunta iliyo wazi kati ya sinki na jiko la kupikia, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapomenya, anapokata, anapochanganya na anapopakua. Sehemu hiyo ikiwa na sentimita 90, chumba kidogo kitatosha. Ikiwa na sentimita 30, hata makabati ya kujaza kuta zote nne hayatakusaidia.

Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la kuwekwa katika nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, nchini Ujerumani, lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yakajengwa. Mfano mmoja aliouzingatia ulikuwa jiko la behewa la treni, ambamo mpishi huhudumia watu wengi akiwa amesimama karibu mahali pamoja. Baadaye, katika miaka ya 1940, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliendeleza kanuni ya pembetatu inayounganisha friji, sinki na jiko la kupikia, kila upande wake ukiwa kati ya mita 1.2 na 2.7. Kanuni hiyo bado inafaa, lakini katika chumba kidogo ni nadra umbali kuwa mkubwa kupita kiasi. Tatizo la kawaida ni vitu vitatu hivyo kubanana bila nafasi ya kuweka hata ubao wa kukatia katikati yake.

Kabla ya kununua chochote, pima chumba kwa tepu, ukuta kwa ukuta, juu na chini, kwa maana kuta za nyumba za zamani mara nyingi hazikunyooka na tofauti ya sentimita 2 inatosha kukizuia kifaa kisiingie. Andika pia mahali palipo na dirisha, mlango, soketi, bomba la maji, tundu la maji machafu na valvu ya gesi. Kisha bandika utepe wa karatasi sakafuni ukifuata ukingo wa kila kabati unalotaka kuweka, usimame katikati, uiname kama unayetoa kitu kwenye oveni. Mlango wa oveni ukifunguka huchukua takriban nusu mita ya sakafu, na wewe unahitaji nafasi yako nyuma yake. Zoezi hilo la dakika 20 litakuonyesha mambo ambayo mchoro wa kompyuta hauonyeshi.

Sinki libaki karibu na lilipo, isipokuwa una sababu nzito. Bomba la maji safi hupindishwa kwa urahisi, ila bomba la maji machafu linahitaji mteremko wa karibu sentimita 2 kwa kila mita, na kadiri unavyolisogeza sinki mbali na tundu lake ndivyo mteremko huo unavyokuwa mgumu kupatikana ndani ya kabati. Baada ya sinki kupata mahali pake, mengine hupangika. Kama chumba kina ukuta mmoja tu unaofaa, anza na friji pembeni, kisha sinki, kisha kaunta ndefu, kisha jiko la kupikia, na baada ya jiko bakiza angalau sentimita 30 za kutua sufuria ya moto na kuzuia mpini wake usichomoze njiani. Kama kuna kuta mbili zinazotazamana, acha kati yake nafasi ya sentimita 100 hadi 120. Ikipungua 90, watu wawili hawapishani. Mpangilio wa herufi L ndio ninaoupenda zaidi pale chumba kinaporuhusu, kwa sababu hakuna mtu anayepita katikati ya mpishi na kazi yake.

Kona ya L huwasumbua wengi, na kuna vifaa vya kuzunguka au kuvutwa vinavyouzwa ghali kwa ajili yake. Mara nyingi ni afadhali kuifunga kona hiyo kabisa na kuweka droo pana pande zote mbili, maana vifaa hivyo vyenyewe hula sehemu kubwa ya nafasi ambayo vimekusudiwa kuiokoa.

Katika makabati ya chini, chagua droo zinazotoka hadi mwisho badala ya rafu zenye milango. Kabati la kawaida lina kina cha sentimita 60; kwenye rafu, kitu kilicho nyuma hukulazimu kupiga magoti na kutoa kwanza vilivyo mbele, ilhali droo hukuletea kila kitu chini ya macho yako. Makabati ya juu yatosha yakiwa na kina cha sentimita 30 hadi 35, yakianza takriban sentimita 50 juu ya kaunta. Kimo cha kaunta hutengenezwa kwa kawaida kuwa sentimita 90 hivi, lakini mwili wako ndio kipimo bora: simama wima, kunja kiwiko, na kaunta iwe sentimita 10 hadi 15 chini yake. Makabati mengi yana miguu ya kuzungusha, hivyo fundi anaweza kuongeza au kupunguza sentimita chache akiambiwa mapema.

Friji inahitaji uangalifu wa pekee. Niliwahi kuiweka friji yangu ikiwa imegusana na ukuta upande wa bawaba, ikaingia sawasawa na nikafurahi. Jioni hiyo nikagundua kwamba mlango ulifunguka nyuzi 90 tu, na droo za chini zikagonga rafu za mlango zisitoke. Ilinibidi niisogeze na kupoteza sentimita 6 za kaunta. Soma kwenye kijitabu cha maelezo nafasi inayohitajika upande wa bawaba na nyuma, na uulize kama mlango unaweza kugeuzwa ufungukie upande wa pili, maana friji nyingi huruhusu hivyo.

Kifyonza moshi kinachotoa hewa nje kwa bomba ni bora kuliko kile kinachoirudisha chumbani kupitia kichujio cha mkaa, kwa kuwa kichujio hupunguza harufu lakini hakiondoi mvuke, na mvuke katika chumba kidogo huzaa ukungu ukutani. Kuhusu umeme, jiko la induksheni (linalopasha sufuria moto kwa nguvu ya sumaku) la plate nne linaweza kuvuta kilowati 7 na huhitaji waya wake maalumu, kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Kumbuka pia kwamba Marekani hutumia volti 120 na Ulaya volti 230. Birika au blenda uliyohamia nayo kutoka upande mmoja haitafaa upande wa pili hata ukibadilisha plagi.

Taa moja ya darini huwa nyuma yako unapokata, kwa hiyo kivuli chako huangukia kisu. Ukanda wa taa za LED uliobandikwa chini ya makabati ya juu, karibu na ukingo wa mbele, huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Mpangaji asitoboe kigae wala kung'oa kabati bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Bado yapo mengi ya kufanya: toroli nyembamba yenye magurudumu, ubao mpana wa kufunika sinki ili kuongeza kaunta, reli za kutundikia vyombo zinazosimama juu ya kaunta bila misumari. Chochote unachoondoa kwa ruhusa, kama vile vishikio, rafu au skrubu, kitie kwenye mfuko, uandike kilitoka kabati gani, na ukiweke ndani ya kabati hilohilo pamoja na picha ulizopiga kabla ya kuanza.