SOMO: Mgonjwa wa kiharusi anaenda kutolewa bonge la damu kichwani, nusu kaputi au sedesheni (dawa ya kumtuliza bila kumlaza kabisa)?

Wakuu salama? Somo hili ni la watu wa usingizi, manesi wa chumba cha angio (chumba cha kupiga picha na kutibu mishipa ya damu) na wanafunzi mnaokaribia kuanza kuitwa usiku. Mgonjwa kaziba mshipa mkubwa wa ubongo, timu inataka kuingiza katheta kupitia kinena au kifundo cha mkono wakalivute bonge, yaani trombektomi, na wewe umeitwa mbio mbio ulete usingizi. Unampa nini?

Nasema mapema kabisa msimamo wangu: watu wanabishania dawa wakati kinachomalizia ubongo ni presha kuporomoka na dakika kupotea. Kiharusi cha mshipa mkubwa kinakadiriwa kuua seli za neva milioni 1.9 kila dakika, sasa wewe kaa pale unatafuta bledi ya laringoskopu, kile kifaa cha kuangalizia koo ukiweka mrija wa hewa.

Ubishi wenyewe ulitokea hivi. Takwimu za zamani zilionyesha waliopewa nusu kaputi wanatoka vibaya, watu wakaiogopa, ila ukiangalia vizuri waliokuwa wanapewa ni wale waliofika hoi, hawana fahamu, wanatapika, kwahiyo walikuwa vibaya hata kabla hujawagusa. Ndio yakaja majaribio ya kupangia wagonjwa kwa kura: SIESTA kule Heidelberg Ujerumani, AnStroke ya Gothenburg Sweden na GOLIATH ya Aarhus Denmark. Hayo matatu yakijumlishwa ni wagonjwa 368 na nusu kaputi ilitoka mbele kidogo kwenye kujitegemea baada ya miezi 3. Halafu Wafaransa wakaja na GASS (2022) na AMETIS (2023), wao hawakuona tofauti ya maana. Ila shika hapa: kwenye majaribio haya presha ilikuwa inalindwa kwa sheria kali na timu zimezoea, usichukue matokeo yao ukayapeleka sehemu ambayo kupata ventileta tu ni nusu saa.

HATUA YA 1: Mtazame mgonjwa
Huna muda wa historia ndefu. Fahamu ikoje, anatapika, anakoroma, anaweza kulala chali akatulia? Akiwa GCS (kipimo cha fahamu, 3 mpaka 15) 8 kushuka, au kashatapika na hawezi kulinda njia ya hewa, au anarusha mikono hashikiki, huyo ni nusu kaputi na mjadala umeisha. Kiharusi cha nyuma ya ubongo, kwenye mshipa unaoitwa ateri ya basila, wengi wanaenda nusu kaputi pia kwasababu fahamu na upumuaji vinaweza kukata ghafla katikati ya kazi. Kiharusi kikiwa upande wa kushoto wa ubongo angalia kama anaelewa maneno, maana mgonjwa asiyeelewa "usitikisike" utamwambia mara mia na bado atatikisika. Aliyetulia, anakuelewa, anapumua vizuri, huyo anaweza kwenda na ganzi ya pale katheta inapoingia, ukamuongezea sedesheni kidogo au usimuongezee kabisa.

HATUA YA 2: Ongea na anayevuta bonge
Sentensi mbili zinatosha, mshipa gani na yeye amezoea kufanya kazi vipi. Mkubaliane hapo hapo kwamba tukianza na sedesheni ikashindikana, tunabadilisha lini. Kubadilisha katikati ndio kubaya kuliko vyote, katheta ziko kichwani, mashine ya eksirei imekuziba kichwa cha mgonjwa, unaweka mrija wa hewa kwa papara. Kwenye SIESTA karibu 1 kati ya 7 wa kundi la sedesheni waliishia nusu kaputi, kwahiyo hata ukichagua sedesheni vifaa vyote vya njia ya hewa viwe vimefunguliwa na dawa zimevutwa kwenye sirinji.

HATUA YA 3: Presha, kabla ya dawa yoyote
Hapa ndio penyewe. Lile eneo la ubongo ambalo halijafa linaishi kwa damu ya njia za pembeni, na hizo njia zinategemea presha tu. Ukikuta 175 usishangilie kuishusha, mwili unajitetea. Lengo mpaka mshipa ufunguke ni namba ya juu kati ya 140 na 180, ya chini isizidi 105. Noradrenalini au fenilefrini, dawa za kupandisha presha, iwe imeunganishwa na inatembea KABLA ya propofoli, dawa ya usingizi, sio unampiga propofoli presha inadondoka 95 ndio unaanza kuuliza dawa iko wapi. Pima angalau kila dakika 3. Laini ya ateri (kamrija ndani ya ateri ka kusomea presha muda wote) nzuri ukiweza kuipata fasta, ukikosa mara ya kwanza achana nayo.

HATUA YA 4: Kumlaza
Sedesheni: remifentanili kidogo, au propofoli kidogo kidogo, au deksmedetomidini ila hiyo inachelewa kushika na inashusha mapigo na presha. Kapnografi, kipimo cha kaboni dioksaidi kwenye pumzi, lazima. Mgonjwa aliyelewa nusu, anakoroma, kaboni dioksaidi inapanda na bado anatikisika, hapo umepata ubaya wa pande zote mbili.

Nusu kaputi: mchukulie ana tumbo limejaa, kwahiyo mlaze kwa haraka na dawa ya kulegeza misuli, saksameto au rokuroniamu ya dozi kubwa, propofoli punguza. Timu ianze kupaka dawa na kufunika kinena wakati wewe unaweka mrija, msisubiriane. Ukishaweka usimpumulishe kwa nguvu kama unafukuza mwizi, kaboni dioksaidi ikishuka mishipa ya ubongo inabana, ibaki 35 mpaka 45. Oksijeni ya kutosha kuweka satureshen juu ya 92, sukari cheki.

HATUA YA 5: Bonge likitoka
Uliza kwa sauti "imefunguka?" kwasababu lengo la presha linabadilika. Isizidi 180/105, ila usiikimbize chini sana pia. ENCHANTED2/MT ya China ilijaribu kushusha namba ya juu chini ya 120 ikasimamishwa mapema maana wagonjwa walitoka vibaya zaidi.

MASWALI

Swali: Mkuu, akiwa ameshapewa dawa ya kuyeyusha bonge bado naweza kuweka laini ya ateri?
Jibu: Unaweza, ya kifundo cha mkono, bonyeza vizuri ukikosa. Au mwombe anayevuta bonge akuunganishie presha kutoka kwenye mrija wake wa kinena, japo katheta ikiujaza namba inasoma chini kuliko ukweli. Mipira ya puani usiiguse, utafungulia damu.

Swali: Ketamini je? Kwetu ndio inapatikana kirahisi.
Jibu: Ule woga wa zamani kwamba inapandisha presha ya ndani ya kichwa umepungua sana. Kumlaza kwa nusu kaputi inakusaidia presha isidondoke. Kwa sedesheni siipendi sana, mate yanajaa na wengine wanaanza kuchangamka vibaya.

Swali: Mimi sio wa afya, baba yangu alifanyiwa akiwa macho. Alikuwa anaumia?
Jibu: Pole sana kwa mzee dada. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ila mishipa inayouzunguka inasikia, kwahiyo ile dakika wanavuta bonge wengi wanapata kichwa kikali, kikishavutwa kinapoa. Ndio maana tunampa kadawa kidogo au tunamwambia mapema.

Swali: Dokta, wa nusu kaputi tumtoe mrija hapo hapo au tumpeleke nao ICU?
Jibu: Kama aliingia anajitambua na mshipa umefunguka, mtoe hapo hapo mezani, daktari wa neva aje ampime mikono na miguu. Kila saa anayokaa na mrija bila sababu nimonia inasogea. Aliyeingia hajitambui, au wa basila, au aliyetapika, mwache nao kwanza mpaka picha ya kichwa irudiwe.