Somo: Kukadiria udongo wa juu utatikisika vipi tetemeko likipita

Umbali wa kitovu hautoshi kukuambia hatari. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la pwani ya Pasifiki ya Meksiko liliangusha majengo Mexico City, zaidi ya kilomita 350 kutoka kitovuni. Mitaa ya mji huohuo iliyokaa juu ya ardhi ngumu iliumia kidogo. Kilichotofautisha ni tope la ziwa la kale.

Hatua ya 1. Tafuta unene wa tabaka laini, kutoka juu hadi ardhi ngumu. Taarifa za visima husaidia.

Hatua ya 2. Pima kasi ya mawimbi ya S, yaani yale yanayotikisa ardhi kwa kukingama na njia yanakokwenda. Panga jiofoni (vipokezi vya mtikisiko wa ardhi) kwenye mstari, piga ardhi kwa nyundo nzito, kisha chambua mawimbi yaliyonaswa. Kwenye mwamba kasi hupita mita 760 kwa sekunde. Kwenye udongo laini haifiki 180. Wimbi likiingia udongo laini hupunguza mwendo, lakini mtikisiko wake hukua.

Hatua ya 3. Zidisha unene kwa 4, gawanya kwa kasi. Mita 40 zenye kasi ya 80 hutoa sekunde 2. Huo ndio muda wa kuyumba mara moja, kwenda na kurudi, ambao tabaka hupenda, na ndivyo tope la Mexico City lilivyoyumba.

Hatua ya 4. Linganisha na muda wa jengo lenyewe kuyumba, kwani ukikaribiana na wa tabaka, jengo huyumba zaidi. Kwa makadirio, kila ghorofa huongeza sekunde 0.1. Ghorofa 10 ni sekunde 1, ila jengo likianza kupasuka hulegea na muda wake hurefuka kuelekea 2. Kule Meksiko majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi.

MASWALI

Mwalimu, nyumba ya chini basi iko salama?
Hapana. Tabaka la mita 5 lenye kasi ya 150 huyumba kwa sekunde 0.13, karibu sawa na nyumba hiyo. Tena mchanga uliojaa maji unaweza kugeuka uji: Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu yakiwa mazima.

Tetemeko likiwa kali sana, hesabu haibadiliki?
Hubadilika. Udongo hulegea, kasi hushuka, muda hurefuka, na nishati nyingi humezwa humohumo. Tope la Mexico City halilegei upesi, ndiyo maana lilikuza mtikisiko kiasi kile.

Nikikosa fedha za kuchimba?
Tumia njia aliyoieneza Nakamura wa Japani mwaka 1989. Rekodi mitikisiko midogo ya kawaida kwa kipimo kimoja cha pande tatu, kisha, kwa kila muda wa kuyumba, gawanya nguvu ya mtikisiko wa mlalo kwa ya wima. Pale jibu linapofika kilele, hapo ndipo penye muda wa tabaka. Kama udongo unabadilika polepole kwenda chini, kilele huenda kisionekane. Hapo rudi kwenye nyundo.