Namna ya Kupata Mapumziko Unapomuuguza Mgonjwa Nyumbani

Katika familia nyingi za Uganda, kazi ya kumuuguza mzee aliyepooza au mgonjwa asiyeinuka kitandani humwangukia mtu mmoja, mara nyingi binti au mke wa mwana, huku ndugu wengine wakija Jumapili na sukari na sabuni, wakamwombea mgonjwa, kisha wakaondoka. Zawadi hizo ni njema na zinahitajika. Hata hivyo, anayeuguza hupungukiwa zaidi na saa za kulala, na hizo ndizo anazopaswa kuwaomba ndugu zake.

Anza na daftari. Kwa siku 3 mfululizo andika kila unalofanya na saa yake: dawa, uji, kumgeuza, choo, kufua mashuka, kuamka usiku. Daftari hilo litakuonyesha saa ambazo kazi ni nyepesi, zinazofaa kuachiwa mtu mgeni, na litawaonyesha ndugu uzito wa kazi bila ugomvi.

Kisha mwombe mkubwa wa familia aitishe kikao. Ukisema tu kwamba umechoka, wote watakupa pole na hakuna atakayekuja. Badala yake sema, "Wifi, naomba unishikie Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kila baada ya wiki mbili." Ndugu aliye mbali atume nauli ya mpokezi wa zamu, yaani anayekuja kushika nafasi yako, au ujira wa mtu wa kufua. Mgonjwa naye aulizwe ni nani anayeridhia amwogeshe, na mila ziheshimiwe: kwa Waganda, kwa mfano, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, kwa hiyo hawezi kupangiwa zamu ya kumgeuza.

Siku ya kwanza usiondoke. Mpokezi akutazame ukifanya, kisha afanye yeye ukimtazama, hasa kumgeuza mgonjwa, kwa sababu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya kulalia kwenye makalio, nyonga na visigino. Mkiwa wawili, tandikeni kitenge kilichokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani. Kila mmoja akunje ukingo wa upande wake hadi ukaribie mwili, kisha mnyanyue kwa pamoja bila kumburuta, maana kuburuta huchubua ngozi. Mpokezi akiwa peke yake, aulaze mkono wa mgonjwa kifuani, akunje goti lililo upande wa mbali, ashike bega na nyonga, amvute taratibu kuelekea kwake, halafu aweke mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti. Wakati wa kula mgonjwa akalishwe wima, alishwe kijiko kidogo kidogo, na asilazwe kabla ya nusu saa kupita.

Kuhusu dawa, mpokezi afuate maandishi tu. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali ambayo nchini Uganda hutolewa bila malipo, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, na kipimo hakibadilishwi bila kauli ya mhudumu wa afya. Kama mgonjwa anahudumiwa na Hospice Africa Uganda, shirika lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 ambalo wauguzi wake huwafuata wagonjwa majumbani, mwombe muuguzi amfundishe mpokezi mbele yako. Namba ya simu ya muuguzi huyo iandikwe kwenye jalada la daftari. Mhudumu wa afya wa kijiji naye aarifiwe siku ambayo hutakuwepo, apite kujulia hali.

Siku yako ikifika, toka nyumbani. Nilipomuuguza mama hapa Arua, siku yangu ya kwanza ya kupumzika niliitumia kufua mashuka yake nyuma ya nyumba, na kila alipokohoa niliingia ndani mbio. Mdogo wangu aliyekuja kunipokea alikaa siku nzima mikono mitupu, nami jioni nilikuwa nimechoka kuliko jana yake. Zamu iliyofuata nilikwenda kwa shangazi, nikamwachia yeye simu yangu aipokee, nikalala tangu saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Nilipoamka nililia, kwa kuwa sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimefika hali ile.

Ukirudi, soma daftari kabla ya kukagua chumba. Shuka likitandikwa tofauti na ulivyozoea, liache. Kosa la dawa ulirekebishe kwa upole, pembeni, si mbele ya mgonjwa. Na kabla mpokezi hajavaa viatu vyake, kubalianeni tarehe ya zamu inayofuata, aiandike yeye mwenyewe katika daftari hilo hilo.