Skrubu ya kabureta inazunguka bure? Usianze na drili

Pikipiki niliyoletewa wiki iliyopita ilikuwa na malalamiko mawili: inakunywa mafuta kuliko zamani, na ikilala ndani usiku, asubuhi chumba kizima kinanuka petroli. Nilipoinama nikaona vumbi la kwenye injini limelowa mstari mmoja tu, kuanzia chini ya kabureta kushuka hadi kwenye krankesi, lile ganda la chini la injini. Kwingine kote vumbi kavu. Skrubu tatu za bakuli, kile kikombe cha chini ya kabureta kinachoshika petroli, zilikuwa zimekaza, ya nne ukiigusa na bisibisi inazunguka kama kijiko kwenye uji. Uzi, ile mistari ya kuzunguka inayoishikisha skrubu, umekufa.

Pikipiki ikisimama wima, petroli huwa chini ya usawa wa gasketi (ule mpira au karatasi ya kuziba kati ya bakuli na mwili wa kabureta), ndiyo maana wengi hawaoni tatizo mapema. Ukiiegemeza kwenye stendi ya pembeni, petroli inahamia upande mmoja, na kama kona hiyo ndiyo yenye skrubu iliyolegea, inavuja. Inavujia juu ya injini ya moto. Tafadhali msiliite hili tatizo dogo.

Mwili wa kabureta ni alumini au zinki ya kumimina, laini. Skrubu ni chuma kigumu. Ukikaza kwa nguvu za kukazia nati ya tairi, kinacholiwa ni tundu, siyo skrubu. Wengine huingiza skrubu ikiwa imepinda kidogo, wakiona ngumu wanalazimisha, inajichongea njia yake. Dawa ya hilo ni rahisi: weka skrubu kwenye tundu, izungushe kwanza kinyumenyume kwa vidole mpaka uisikie ikidondoka kidogo, "tik". Hapo ndipo uzi ulipoanzia. Sasa kaza.

Vifaa: bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kichwani mwa skrubu, tepu (kifaa cha chuma cha kukatia uzi ndani ya tundu) ya M4 au M5 na kishikio chake, mafuta ya taa, njiti ya kiberiti, rula au kalipa. Skrubu nyingi za bakuli kwenye pikipiki zetu ni M4, yaani unene wa milimita 4, yenye hatua ya uzi (umbali kati ya mstari na mstari) milimita 0.7, au M5 yenye hatua 0.8. Pima ya kwako, usikisie.

Hatua ya 1. Funga koki ya petroli, mwaga iliyobaki kwenye bakuli, toa kabureta nje kabisa. Kazi hii haifanyiki ikiwa imening'inia kwenye injini. Vua boya, sindano yake, jeti zote (vile vijiti vyenye tundu dogo la kupitishia petroli) na oringi, weka kwenye sahani. Fanyia mahali penye hewa, mbali na jiko na mvuta sigara.

Hatua ya 2. Chunguza aliyekufa ni nani. Chukua skrubu nzima ya kona nyingine, ijaribu kwenye tundu bovu. Ikishika, basi skrubu yako ndiyo mbovu na kazi imeisha kwa pesa ndogo kabisa. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3. Hii ndiyo hatua ninayoomba mtu asiiruke. Skrubu ya kiwandani mara nyingi haifiki mwisho wa tundu. Uzi wa juu umeliwa, lakini kule chini kuna uzi mzima ambao haujawahi kuguswa. Dumbukiza njiti ya kiberiti mpaka igote, weka alama kwa ukucha, pima. Jumlisha unene wa sikio la bakuli, pale kwenye tundu inapopita skrubu, halafu punguza milimita 1. Hiyo ndiyo skrubu ndefu kuliko zote unayoweza kutumia. Kama ya zamani ilikuwa milimita 12 na hesabu inakupa 16, tafuta ya 16. Pitisha kwanza tepu ya saizi ileile taratibu ili kusafisha njia, kisha ifunge. Kabureta nyingi nimezimaliza hapa bila kugusa drili. Usizidishe urefu: skrubu ikigota chini ya tundu kabla kichwa hakijabana, ukiendelea kukaza unapasua mwili.

Hatua ya 4. Kama hata chini hakuna kitu, sasa ndipo tunaongeza saizi. M4 inakwenda M5: toboa kwa keekee ya milimita 4.2, piga tepu ya M5. M5 inakwenda M6: toboa kwa milimita 5. Kabla ya hapo angalia ukuta wa tundu. Mimi ukuta ukibaki chini ya milimita 1.5 sitoboi. Angalia pia kama kichwa cha skrubu kubwa kitakaa bila kupanda ukuta wa bakuli, na tundu la kwenye sikio la bakuli nalo utalipanua, milimita 5.5 kwa M5.

Bana kabureta kwenye jiliwa ukiwa umeizungushia kitambaa, drili isimame wima, mwendo wa taratibu. Zungushia keekee kipande cha selotepu kama alama ya kina, usije ukatokea upande wa pili. Tepu zungusha kwa mkono tu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zikatike. Tone la mafuta ya taa linafaa sana kwenye alumini. Ukisikia imekuwa ngumu, itoe, isafishe, rudi tena. Tepu ikikatikia ndani umejitafutia kazi ya siku nzima.

Hatua ya 5. Safisha. Puliza kila njia kwa hewa ya kompresa, kutoka pande zote mbili. Chenga moja ikibaki inatosha kuziba jeti ndogo.

Hatua ya 6. Gasketi mpya, fungia skrubu zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa mkingamo, kona hii halafu ya ng'ambo yake. Shika bisibisi kwa vidole, siyo kiganja kizima. Fungua koki, tandika gazeti chini, subiri dakika 10 pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Gazeti likibaki kavu, washa.

MASWALI

Shikamoo fundi. Mimi huzungushia waya mwembamba wa shaba kwenye skrubu, inakaza vizuri. Kuna ubaya?

Marahaba. Kukufikisha nyumbani inakufikisha. Lakini waya unasaga uzi uliobaki, na ukifungua mara ya pili unatoka nao. Hapo umejinyima hatua ya 3.

Gundi ya chuma ya kuchanganya je?

Siipendi kwa bakuli. Bakuli linafunguliwa kila unaposafisha kabureta, gundi haivumilii kufunguliwa na kufungwa. Ile gundi ndogo ya matone ndiyo usijaribu kabisa.

Kaka, nimesikia kuna springi za kuweka ndani ya tundu ili skrubu ibaki saizi ileile.

Zipo, wengi wanazijua kwa jina la Helicoil, na ndiyo njia bora kama unaweza kupata seti yake. Zina tepu yake maalumu, ya kawaida haiingiliani. Springi ikishaingia, iache robo mpaka nusu mzunguko chini ya uso wa tundu, kisha vunja kile kiulimi cha chini na ukitoe nje. Usikisahau ndani.

Skrubu ya kutolea petroli chini ya bakuli ndiyo imekufa uzi. Nipige tepu kubwa?

Hapana mkuu. Ile inaziba kwa ncha yake kukaa kwenye kiti chake, ukitoboa unaharibu kiti na itavuja daima. Nunua bakuli lingine.

Kichwa cha skrubu kimeliwa chote, haitoki. Nipashe moto?

Usipeleke moto kwenye kitu kilichokuwa na petroli. Ikate mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma, tumia bisibisi bapa, igonge kidogo huku ukiisukuma kufungua. Ikigoma, ishike kichwa kwa koleo la kubana. Skrubu nyingi za kabureta za Mikuni na Keihin, kampuni za Kijapani, zina nyota ya Kijapani ambayo bisibisi ya kawaida haijai vizuri, inateleza na kula kichwa. Ukipata bisibisi yake, itunze.

Nimefanya yote, haivuji, ila sasa haikai sailensa, nikiachia mafuta inazima.

Vua jeti ndogo, itazame kwenye mwanga. Kama huoni tundu upande wa pili, kuna chenga. Puliza, usichokonoe kwa sindano.