Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Bei Nafuu kwa Kuendesha Darubini na Kupiga Picha za Anga

Mtu anayeanza kupiga picha za anga kwa kawaida hununua kwanza darubini, kisha kitako chenye mota cha kuizungusha, kisha kamera, na ikifika zamu ya kompyuta mfuko umekwisha kutoboka. Hapo ndipo wengi hukosea kwa namna mbili: ama hununua mashine ya michezo yenye kadi kubwa ya grafiki kwa kuambiwa kwamba picha zinahitaji nguvu, ama huchukua kompyuta mpya ya bei ya chini kuliko zote dukani. Zote mbili ni hasara. Ili kuchagua vizuri, tenganisha kwanza kazi ya usiku uwanjani na kazi ya mchana mezani, kwa sababu mahitaji yake hayafanani hata kidogo.

Usiku kompyuta ni kama mnyapara. Programu ya N.I.N.A. inaiamuru kamera ipige picha ya sekunde 120 au 180, inaihifadhi, kisha inaanza nyingine. Wakati huohuo PHD2 inatazama nyota kupitia kamera ndogo ya kuongozea, inapiga picha kila baada ya sekunde mbili au tatu, inapima nyota imesogea kiasi gani, na kukituma kitako kijirekebishe. Mara mojamoja ASTAP inalinganisha picha na hifadhidata ya nyota ili kutambua darubini inaelekea wapi hasa. Programu zote tatu hazilipiwi, na kwa sehemu kubwa ya usiku prosesa haina la kufanya ila kusubiri. Core i5 ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 8 inaifanya kazi hii bila kuhema, na kadi ya grafiki haiongezi chochote isipokuwa kumaliza betri mapema.

Kwa sisi tulio karibu na ikweta, kompyuta ina sababu ya ziada. Kitako cha ikweta sharti mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka, na vitabu vingi vinamwelekeza msomaji aitafute Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini, maelekezo yanayofaa Ulaya lakini si hapa. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko juu ya upeo kwa kiasi cha nyuzi saba tu, ndani ya ukungu na nyuma ya miembe. Nairobi, iliyo nyuzi 1.3 kusini, ncha hiyo karibu inagusa ardhi. N.I.N.A. ina programu-jalizi inayopiga picha tatu huku kitako kikizunguka, inazitambua, na kukokotoa mhimili umekosea kwa kiasi gani, bila kuhitaji kuiona ncha yenyewe. Chombo hicho kimoja, kwa maoni yangu, kinatosha kuhalalisha gharama ya kompyuta kwa mpiga picha wa ukanda huu.

Kuhusu mfumo wa uendeshaji nitasema kwa kifupi. N.I.N.A. na SharpCap, programu ya kurekodi video na picha kutoka kwenye kamera, ni za Windows peke yake, na vifaa vingi huja na draiva za ASCOM, mfumo unaoviunganisha na programu, ambazo nazo ni za Windows. Anayependa Linux, au aliye na Mac tayari, atatumia programu za KStars na Ekos juu ya INDI, mfumo wa draiva unaoshika nafasi ya ASCOM, na atafanya kazi nzuri kabisa, ila ahakikishe kabla ya kununua kwamba kamera yake imo katika orodha ya INDI. Chromebook iache dukani.

Sasa bei. Nikiwa na fedha kidogo, sinunui kompyuta mpya. Mpya za bei ya chini mara nyingi huwa na hifadhi ya eMMC, iliyo ya polepole kuliko SSD, ya GB 64 au 128 iliyochomelewa kwenye ubao, RAM ya GB 4 isiyoongezeka, na matundu mawili tu. Kompyuta ya ofisi ya mtumba iliyotumika miaka kadhaa ni chuma zaidi kwa fedha ileile. Ninazozipendekeza ni za mwaka 2018: ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Sichagui mwaka huo kwa bahati nasibu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 cha Core na kuendelea. T470, iliyotangulia kwa mwaka mmoja tu na kufanana nayo kwa sura, kwa kawaida ina kizazi cha 6 au cha 7, na muuzaji asiyejua au asiyetaka kujua atakuuzia hiyo kwa bei ya T480. Usiangalie kibandiko cha nje. Fungua mipangilio ya mfumo usome namba ya prosesa, na iwe inaanza na 8, kama i5-8250U au i5-8350U.

Fedha itakayobaki ipeleke kwenye diski. Hesabu ni hii. Kamera ya ZWO ASI533 ina pikseli 3008 kwa 3008, na faili lake moja la biti 16 lina ukubwa wa takriban MB 18. ASI2600, yenye pikseli 6248 kwa 4176, inatoa faili la MB 52. Saa sita za picha za dakika tatu ni picha 120, yaani zaidi kidogo ya GB 6, kiasi ambacho diski yoyote inakimudu. Balaa huja mchana unapozirundika picha hizo. Siril, programu ya kuziunganisha picha nyingi ziwe moja, ikizitia rangi na kuzihifadhi kwa biti 32, kila picha huvimba kufikia MB 313, na kwa kuwa inaandika nakala baada ya kusahihisha na nyingine baada ya kuzilinganisha nyota, picha 120 zinaweza kudai zaidi ya GB 75 kwa muda. Ndiyo maana SSD ya GB 512 ndiyo kipimo changu cha chini kwa anayetaka mashine moja ifanye kazi zote mbili, pamoja na RAM ya GB 16. Aliye na kompyuta kubwa nyumbani, ya uwanjani inamtosha SSD ya GB 256.

Sayari ni habari nyingine. Mshtarii na Zohali hazipigwi kwa picha ndefu. Unarekodi video ya fremu maelfu, kisha programu inachagua zile zilizonaswa hewa ilipotulia. Fremu ya pikseli 640 kwa 480 kwa biti 8 ni baiti 307,200, na fremu 200 kwa sekunde ni MB 61 kila sekunde. USB 2.0 kwa vitendo hupitisha takriban MB 40, kwa hiyo hapo USB 3 si anasa. Vilevile Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi, na ukirekodi kupita dakika mbili au tatu alama za mawingu yake zinaanza kufifia. Dakika mbili hizo ni zaidi ya GB 7 zinazoandikwa mfululizo, na diski ya zamani inayozunguka ikijikwaa, fremu zinapotea.

Hesabu matundu ya USB kabla ya kulipa. Kamera kuu, kamera ya kuongozea, kitako na mota ya fokasi ni vifaa vinne. Habu inaweza kubeba vile vyepesi, lakini iwe yenye umeme wake, na kamera kuu ipe tundu lake peke yake. Kebo ya USB 3 isizidi mita tatu. Kebo ya kitako mara nyingi hutambuliwa na Windows kwa namba ya COM, na ukiihamisha tundu namba inaweza kubadilika na programu ikalalamika kwamba kitako hakipo. Mimi nimepaka rangi ya kucha kila tundu na kebo yake, nyekundu kwa nyekundu, nikaacha kubahatisha gizani.

Kuhusu umeme, tafuta mashine inayochajiwa kwa USB-C. Chaja ya gari ya wati 65 inaichukua volti 12 ya betri moja kwa moja na kuipandisha, ilhali inveta inapandisha hadi volti 230 ili chaja ishushe tena hadi 20, na katika kila hatua kuna kinachopotea kama joto. T480 ina betri mbili, ya ndani ya Wh 24 (saa-wati, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) na ya nje inayoweza kuwa ya Wh 72, na ile ya nje inabadilishwa mashine ikiendelea kufanya kazi. Kompyuta ikila wati 10 hadi 12, kioo kikiwa kimefifishwa, betri hizo zikiwa nzima zinadumu saa nane hadi tisa hivi.

Neno «zikiwa nzima» ndilo la kwenda nalo dukani, pamoja na kamera yako na kebo yako. Usione haya, muuzaji mwaminifu hatakataa dakika ishirini. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotokea na usome mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa inapojaa. Ukikuta 48,000 juu na 21,000 chini, betri hiyo imebaki na chini ya nusu, na bei ishuke. Zima mashine, iwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad au F10 kwa HP, uone kama BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, inadai nenosiri. Ikidai na muuzaji halijui, ondoka. Omba Windows irudishwe upya na iunganishwe na intaneti, kwa sababu kompyuta iliyosajiliwa na kampuni fulani itakutaka uingie kwa akaunti ya kampuni hiyo, na hiyo nayo iache. Mwisho chomeka kamera, fungua SharpCap, rekodi kwa dakika kumi katika kila tundu huku ukitikisa kebo kidogo. Idadi ya fremu zilizopotea imeandikwa chini ya dirisha, na tundu lililolegea litajisema lenyewe.

Ukifika nyumbani, rekebisha mipangilio kabla ya usiku wa kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa shambani Kisarawe, nimeelekeza kwenye nebula ya Carina, nikajinyoosha garini. Alfajiri nilikuta picha 47, ya mwisho ikiwa ya saa saba na dakika kumi na mbili usiku: kompyuta ilikuwa imelala usingizi kuliko mimi, na kitako kikaendelea kuzunguka mpaka darubini ikawa inatazama mikorosho. Zima kulala kwa mashine, iwe kwenye chaja au kwenye betri, na iambie isifanye lolote kifuniko kikifungwa. Ondoa ruhusa ya Windows kukata umeme wa matundu ya USB, na usitishe masasisho kwa wiki unayokwenda porini. Pakua hifadhidata ya ASTAP na draiva zote ukiwa bado una mtandao.

Kioo hata kikififishwa kabisa kinaharibu macho yaliyozoea giza kwa nusu saa, kwa hiyo kata plastiki nyekundu inayopenya mwanga na uibandike juu yake. Kwa umande wa Pwani, laza ubavuni sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo na uiingize kompyuta humo. Joto lake lenyewe linaiweka kavu. Na kama mtumba wako una leseni ya Windows Pro, jambo la kawaida kwa kompyuta za ofisi, unaweza kuitawala kupitia Wi-Fi kutoka ndani ya nyumba kwa Remote Desktop, ambayo toleo la Home haliruhusu iingiwe.