Kabla hujafungua kitabu cha kujiendeleza, andika shida yako kwanza
Nimeanza hii mwezi huu na imenisaidia kweli. Andika shida yako kwa sentensi moja, mfano "mshahara unaisha tarehe 15", chomeka hiyo karatasi ndani ya kitabu, halafu nenda kwenye yaliyomo usome sura inayoigusa hiyo tu, chagua kitu kimoja ukifanye siku 7 ndo uendelee. Ukisoma mfululizo kila sura inakupa mzuka mpya unaofuta wa jana, ila ukiwa na swali lako unajua lipi la kwako na lipi la mwandishi wa Marekani mwenye maisha tofauti kabisa. Haifai kama sura zinategemeana, hapo anza mwanzo. Na kama hulali, huli, umekata tamaa, tafadhali muone daktari, kitabu hakitoshi.