Namna ya Kuandika Historia ya Mrukaji Mstaafu

Mtu aliyewahi kuliwakilisha taifa lake katika kuruka mbali hujulikana mtaani kwa namba moja tu, ile ya mruko wake mrefu kuliko yote, na mara nyingi namba hiyo ndiyo inayoiharibu historia yake. Mimi mwenyewe niliiharibu. Nilipoanza kuandika habari za jirani yetu mstaafu hapa Malindi, nilijaza kurasa mbili nikiusifu mruko wake bora, kisha nikampelekea asome, alisoma kimya, akanirudishia daftari na kuniuliza, "Mwanangu, na upepo umeuweka wapi?" Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata tangu siku hiyo.

Anza na karatasi kabla ya kumwendea mwenyewe. Kusanya matokeo ya mashindano, vipande vya magazeti, vyeti na picha zenye tarehe nyuma, kisha uchore jedwali la safu saba: tarehe, mji, mashindano, jezi aliyovaa, umbali, upepo, na mruko ulikuwa wa ngapi. Safu ya jezi si ya mapambo, kwani wapo wanaobadilisha nchi: Ignisious Gaisah alipata medali ya fedha ya dunia mwaka 2005 mjini Helsinki akiwa wa Ghana, akaipata tena mwaka 2013 mjini Moscow akiwa wa Uholanzi.

Safu ya upepo ndiyo inayodai subira. Kanuni ni kwamba wastani wa upepo unaomsukuma mrukaji kutoka nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, umbali wake hauwezi kuwa rekodi, ingawa unahesabiwa katika shindano lenyewe na waweza kumpa medali. Upepo huo hupimwa kwa sekunde 5 wakati mrukaji anaukimbilia ubao wa kurukia. Sisi tuliokulia kati ya kusi na kaskazi hatuna haja ya kufundishwa sana jambo hili, maana hakuna nahodha atakayesifiwa kwa kutoka Malindi na kufika Lamu mapema kabla hajaulizwa alisafiri msimu gani. Tazama fainali ya Tokyo ya tarehe 30 Agosti 1991. Carl Lewis aliruka mita 8.91, lakini kwa upepo wa 2.9, Mike Powell akaruka 8.95 kwa upepo wa 0.3 tu, na huo ndio ukawa rekodi ya dunia. Mwandishi anayeandika umbali peke yake ataona tofauti ya sentimita 4, naye atakuwa ameacha nje nusu ya habari.

Pamoja na upepo, andika mwinuko wa mji. Bob Beamon aliporuka mita 8.90 mwaka 1968, alikuwa Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na upepo ulisomwa 2.0 kamili, yaani ukingoni mwa kanuni. Watunza takwimu huweka herufi A kando ya mruko uliofanyika juu ya mita 1,000. Kwa hiyo mruko wa mzee wako wa Nairobi utapata herufi hiyo, na ule wa Pwani hautaipata. Usiulinganishe mmoja na mwingine kana kwamba viwanja ni ndugu.

Ukikuta vipimo vya zamani vya futi, zidisha futi kwa sentimita 30.48 na inchi kwa 2.54, kisha ukate sehemu ya sentimita inayobaki bila kuipandisha. Futi 26 na inchi 8 na robo za Jesse Owens, mwaka 1935, ndizo mita 8.13.

Idadi ya miruko nayo ina lake la kusema. Katika fainali za zamani, kwa kawaida kila mmoja alipewa nafasi tatu za kuruka, halafu wanane bora waliongezewa tatu. Chioma Ajunwa wa Nigeria alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 kwa mita 7.12 za mruko wake wa kwanza kabisa, ilhali wengine huanza na faulo mbili, yaani miruko isiyohesabiwa, na kubaki na nafasi moja ya kujiokoa. Basi andika na faulo pia. Mimi huona tabia ya mtu humo kuliko katika medali.

Sasa nenda ukamsikilize. Nenda baada ya Alasiri, usalimie, usiharakishe, na usianze kwa kuuliza ushindi wake mkubwa, kwa sababu jibu hilo amelirudia mara nyingi hata limekuwa kama kaseti. Muulize aliruka kwa mguu gani, na mbio zake zilikuwa hatua ngapi. Jirani yetu, nilipomwuliza hayo, alinichukua ufuoni maji yakiwa yametoka, akavua makubadhi, akazihesabu hatua zake mchangani hadi pale ambapo ubao ungekuwepo, na hapo ndipo alipoyataja majeraha ya kifundo ambayo hakuna gazeti lililoyaandika. Muulize pia kama aliwahi kuhamia mchezo mwingine: Khotso Mokoena wa Afrika Kusini, aliyepata fedha ya Olimpiki mwaka 2008 na kufikisha mita 8.50 mwaka 2009, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014 katika mchezo wa miruko mitatu mfululizo, si katika kuruka mbali.

Kumbukumbu yake ikipingana na karatasi, namba ya karatasi iingie katika jedwali, na maneno yake yabaki katika maelezo kama alivyoyasema. Na pale ambapo karatasi haikutaja upepo, acha nafasi wazi. Usiijaze kwa kukisia, hata mzee akikuhakikishia kwamba siku hiyo bendera za uwanjani hazikutikisika.